Bustani ya Wanyama ya London Ilivyoanzishwa

Wasomaji wetu wengi wanamjua kiboko. Mkulima mwenye shamba kando ya mto Tana, au karibu na ziwa la Naivasha, hana haja ya kufundishwa habari zake, maana amekwisha kuamka alfajiri akakuta mahindi yake yamelazwa chini kana kwamba gari limepita juu yake. Kwake yeye kiboko si kitu cha kutazamwa kwa furaha, bali ni mwizi wa usiku. Lakini mwaka wa 1850 watu wa mji wa London walitoka majumbani mwao kwa maelfu, wakalipa fedha zao, wakasongamana penye ua ili wamwone kiboko mmoja tu, naye alikuwa mtoto bado. Juma hili tutaeleza habari za mahali alipowekwa kiboko yule: ni nani waliopaanzisha, kwa nini palikaribia kushindwa, na ni neno gani lililopaokoa.

Desturi ya kufuga wanyama wa mwituni ni ya zamani sana, lakini kwa muda mrefu ilikuwa desturi ya wafalme. Mfalme alipotaka kumheshimu mfalme mwenziwe alimpelekea simba au tembo, kama vile mtu anavyompelekea mkwewe ng'ombe. Mwaka wa 1255 Mfalme wa Ufaransa alimpelekea Mfalme wa Uingereza tembo, naye akawekwa katika ngome kuu ya London iitwayo Tower. Wanyama waliendelea kufugwa katika ngome hiyo kwa muda wa miaka mia sita hivi. Baadaye watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia kuwatazama, na yasemekana kuwa mtu asiyekuwa na fedha ya kiingilio aliweza kuleta mbwa au paka badala yake, akatupiwa simba. Wanyama walikaa katika vyumba vya mawe vyenye giza na unyevu. Hapana aliyejifunza kwao jambo lolote, ila jinsi simba anavyonguruma.

Mtu aliyetaka kubadili mambo hayo ni Sir Stamford Raffles. Hakuzaliwa katika nyumba ya utajiri. Baba yake alikuwa nahodha, na mwana alizaliwa baharini, ndani ya merikebu, mwaka wa 1781. Alipokuwa na miaka 14 tu aliacha shule akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya London ya Kampuni ya Mashariki ya India, kwa sababu jamaa zake walihitaji mshahara wake. Mchana alinakili barua, na usiku alisoma vitabu peke yake. Kutoka kiti hicho cha ukarani alipanda hata akawa mtawala katika visiwa vya mashariki, na mwaka wa 1819 ndiye aliyeanzisha mji wa Singapore.

Huko mashariki Raffles alipenda kukusanya wanyama, ndege na mimea, na kuwaajiri watu wa kuvichora. Mwezi wa Februari mwaka wa 1824 alipanda merikebu iitwayo Fame ili arudi kwao, na mali yake yote ya elimu ilikuwa ndani: michoro, ramani, maandishi, na wanyama walio hai. Jioni ile ile merikebu ikashika moto. Watu wote waliokoka katika mashua, lakini vitu vyote viliteketea, na wanyama pia. Mtu mwingine angalikata tamaa. Raffles aliposhuka pwani alianza upya kukusanya na kuandika, na alipofika Uingereza mwaka ule ule alikuwa na shauri moyoni mwake.

Shauri lake lilikuwa kuunda chama cha watu watakaolipa ada, wanunue wanyama kutoka kila upande wa dunia, na kuwaweka mahali pamoja ili wataalamu wapate kujifunza habari zao. Wafaransa walikuwa wametangulia. Huko Paris mahali pa namna hiyo palianzishwa mwaka wa 1793, baada ya mapinduzi yao. Raffles aliona aibu kwamba Uingereza, yenye merikebu katika kila bahari, haina kitu kama hicho. Tena alikuwa na tumaini jingine ambalo litawapendeza wakulima. Alidhani kwamba katika wanyama wa nchi za mbali watapatikana wengine wa kufugwa mashambani, wakampa mkulima wa Uingereza nyama, manyoya na mayai ya namna mpya.

Chama kiliundwa mwaka wa 1826, kikaitwa Chama cha Elimu ya Wanyama cha London, na Raffles akawa rais wake wa kwanza. Lakini binadamu hupanga, na Mungu hupanga. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45, Raffles alifariki dunia. Hakuona hata ua mmoja uliojengwa. Wenziwe hawakuiacha kazi. Walipata kipande cha ardhi katika Regent's Park, kaskazini ya mji, wakamwita fundi kijana Decimus Burton awachoree majumba na njia, na tarehe 27 Aprili, 1828, bustani ikafunguliwa.

Ikafunguliwa, lakini si kwa watu wote. Wenye haki ya kuingia walikuwa wanachama na wageni wao. Mtu mwingine aliyetaka kuingia ilimpasa kuleta barua ya mwanachama mmoja pamoja na shilingi. Ni wazi kwamba mfanya kazi wa bandarini au mwuza samaki hakuwa na rafiki wa kumwandikia barua ya namna hiyo. Bustani ikawa mahali pa mabwana na mabibi kutembea na kuonyeshana mavazi. Mfalme naye aliisaidia; mwaka wa 1829 chama kilipewa hati ya kifalme, na baada ya 1830 Mfalme William wa Nne aliwatoa wanyama wake, na wengi wa wale wa ngome ya Tower wakahamishiwa Regent's Park.

Tumaini lile la wakulima halikufanikiwa. Mwaka wa 1829 chama kilianzisha shamba huko Kingston Hill ili kujaribu kuzalisha mifugo mipya, lakini gharama zilizidi faida, na baada ya miaka mitano hivi shamba likafungwa. Ng'ombe, kondoo na kuku waliofugwa na wazee wetu kwa maelfu ya miaka hawakuchaguliwa kwa bahati tu, na si kila mnyama akubaliye kamba.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa vifo. Walinzi wa siku zile walidhani kwamba mnyama wa nchi ya joto akiguswa na upepo wa baridi atakufa mara moja. Kwa hiyo simba, chui na nyani walifungiwa katika nyumba zilizotiwa moto wa majiko, na madirisha yakazibwa. Nia ilikuwa njema, lakini wanyama walikufa mmoja baada ya mmoja. Mkulima wa siku hizi aliyefundishwa na afisa wa mifugo atajua sababu bila kuambiwa: zizi lisilopitisha hewa safi huzaa maradhi ya mapafu. Mwaka wa 1843 chama kilijenga vibanda vipya vya wanyama wakali visivyotiwa moto, mahali wanapoweza kutoka nje. Hata hivyo ilipita miaka sitini tena kabla somo hilo halijashikwa sawasawa. Mwaka wa 1903 Peter Chalmers Mitchell alichaguliwa kuwa katibu wa chama, akasisitiza kwamba mnyama ahitaji hewa na nafasi kuliko moto wa jiko.

Pamoja na makosa hayo, yako mambo yaliyofanywa vizuri tangu mwanzo. Mwaka wa 1834 chama kilimtuma Mfaransa mmoja aitwaye Thibaut aende Kordofan, katika Sudan, kutafuta twiga. Wawindaji Waarabu wa nchi ile ndio waliomwonyesha njia na kuwakamata twiga wachanga, ambao walilelewa kwa maziwa ya ngamia. Wengine walikufa kwa baridi ya usiku. Mwishowe twiga wanne walifika London mwezi wa Mei mwaka wa 1836, wakaongozwa kwa miguu katika barabara za mji kabla ya jua kutoka, huku wachungaji wao Wanubi wakiwashika kamba. Decimus Burton aliwajengea nyumba ndefu yenye milango mirefu, na hata leo twiga wa London wanakaa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mwaka wa 1839 alizaliwa ndama wa kwanza.

Miaka miwili baada ya twiga kufika, yaani mwaka wa 1838, mtaalamu kijana Charles Darwin aliingia katika nyumba yao, kwa maana humo aliwekwa pia orangutani jike aitwaye Jenny, aliyetoka nchi za mashariki ya mbali. Darwin aliona mlinzi akimwonyesha Jenny tofaa bila kumpa, na mnyama yule akajitupa chini, akapiga mateke na kulia kama mtoto mtundu. Mlinzi alipomwambia kwamba akinyamaza atapewa, akanyamaza, akapewa. Darwin aliandika jambo hilo katika barua kwa dada yake, na kwa miaka mingi aliendelea kuwaza juu ya ujamaa wa wanyama na watu. Mawazo yake yakaja kugeuza elimu ya dunia nzima.

Lakini elimu peke yake haijazi kapu la chakula. Katika miaka ya 1840 watu walianza kuichoka bustani. Wanachama wengine waliacha kulipa ada, wageni wenye barua wakapungua, na simba hawezi kuambiwa angoje mwisho wa mwezi. Ilionekana kwamba kazi ya Raffles itakufa. Hapo ndipo chama kilipofanya jambo ambalo kingaliweza kulifanya tangu mwanzo. Mwaka wa 1847, alipokuwa katibu Bwana David Mitchell, lango lilifunguliwa kwa watu wote. Hapakutakiwa barua tena. Mtu yeyote mwenye shilingi aliweza kuingia, na kwa ajili ya maskini siku ya Jumatatu kiingilio kikafanywa kuwa nusu shilingi. Jumapili tu iliachwa kuwa siku ya wanachama.

Wako waliosikitika. Walisema kwamba watu wa mitaani watavunja maua, watawachokoza wanyama na kufanya fujo. Lakini makarani, mafundi na watumishi wa nyumbani walikuja na watoto wao, wakatembea kwa adabu, na fedha zao zikajenga majumba mapya. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1849 ilijengwa nyumba ya nyoka na mamba, ya kwanza ya namna yake duniani, na mwaka wa 1853 ikafuata nyumba ya samaki waliowekwa ndani ya masanduku ya vioo, ambayo nayo ilikuwa ya kwanza.

Sasa turudi kwa kiboko wetu. Alikamatwa mwaka wa 1849 katika kisiwa cha mto Nile Mweupe kiitwacho Obaysch, na jina la kisiwa likawa jina lake. Mama yake aliuawa na wawindaji. Mtoto alipoteleza kukimbilia majini alivutwa kwa ndoana ya mashua, na kovu lilibaki ubavuni mwake maisha yake yote. Abbas Pasha, mtawala wa Misri, alimtoa kuwa zawadi, naye akapelekewa mbwa wa kuwindia wa Kiingereza. Mtoto huyo alisafirishwa mpaka Cairo akinyweshwa maziwa ya ng'ombe, kisha akapakiwa katika meli ya moshi iliyotiwa tangi la maji baridi kwa ajili ya kuoga kwake.

Mtu aliyemfikisha salama hakuwa bwana mkubwa wala mtaalamu wa vitabu. Alikuwa mchungaji wake kutoka Misri, Hamet Safi Cannana. Alilala karibu naye, akamlisha kwa mkono wake, na kiboko hakukubali kutengana naye. Walipofika London usiku wa tarehe 25 Mei, 1850, Hamet alishuka kwanza akiwa na mfuko wa tende begani, akatembea mbele, na mnyama yule mzito akamfuata nyuma mpaka ndani ya nyumba yake mpya. Hapana mnyororo uliohitajiwa.

Tangu zamani za Warumi hapakuonekana kiboko aliye hai katika Ulaya. Mji mzima ukashikwa na hamu. Malkia Victoria alikwenda kumtazama, na muziki wa kuchezea dansi ukatungwa kwa jina lake. Mwaka wa 1849 bustani ilipata wageni karibu 169,000; mwaka wa 1850 walizidi 360,000. Deni likasahauliwa. Obaysch aliishi mpaka mwaka wa 1878, na mwaka wa 1854 aliletewa jike aitwaye Adhela. Ndama wao wawili wa kwanza walikufa wachanga, lakini wa tatu, aliyezaliwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1872, aliachwa na mama yake bila kusumbuliwa na watu, akakua.

Si kila mtumishi wa bustani aliyekuwa kama Hamet. Mwaka wa 1852 mlinzi mmoja wa nyumba ya nyoka alikesha akinywa pombe kwa kumwaga rafiki aliyekuwa akisafiri kwenda Australia. Asubuhi alikuja kazini akiwa amelewa, akawatoa nyoka na kuwachezea ili kujionyesha mbele ya wenziwe, na swila akamwuma puani. Alikufa siku ile ile. Ujuzi wa kazi haumlindi mtu aliyeacha akili zake nyumbani.

Mnyama mwingine aliyepata sifa kuu ni tembo Jumbo, aliyefika kutoka Paris mwaka wa 1865. Wako wasemao kwamba jina hilo latokana na maneno yetu ya Kiswahili, "jambo" au "jumbe". Lakini tembo mwenyewe alikamatwa mipakani mwa Sudan na Habeshi, mbali na pwani yetu. Aliwabeba watoto mgongoni kwa miaka mingi, na mwaka wa 1882 chama kilipomwuza kwa Mmarekani Barnum kwa pauni 2,000, watu wa London walinung'unika kana kwamba mali yao wenyewe imeibwa. Manung'uniko yale yalikuwa na maana. Miaka 40 kabla ya hapo hapana mtu wa mtaani ambaye angalisema "tembo wetu." Shilingi ya langoni ilikuwa imewafanya kuwa wenyeji. Jumbo aligongwa na gari la moshi huko Kanada mwaka wa 1885, akafa.

Lakini kuna habari moja ya huzuni ambayo haikupata makelele yoyote. Toka mwaka wa 1851 mpaka 1872 bustani ilikuwa na jike wa kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia aliyetoka Afrika ya Kusini, mwenye milia mbele na rangi ya kahawia nyuma. Watu walimpita wakienda kwa kiboko. Alipigwa picha mara chache, na picha hizo ndizo pekee duniani za kwaga aliye hai. Huko kwao wakulima na wawindaji walikuwa wakiwapiga risasi kwa ajili ya ngozi na malisho. Kwaga wa mwisho alikufa katika bustani ya Amsterdam tarehe 12 Agosti, 1883, na watu hawakutambua kwamba kabila zima la wanyama limekwisha. Majuto ni mjukuu.

Je, somo hilo lilishikwa? Ndiyo, ingawa lilichukua miaka 80 hivi. Wasomaji wa upande wa Isiolo wanamjua choroa mwenye pembe ndefu. Ndugu yake mweupe aliishi katika majangwa ya Arabuni, naye aliwindwa kwa magari na bunduki mpaka akakaribia kwisha. Mwaka wa 1962 Meja Ian Grimwood, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa Kenya, aliongoza safari ya kwenda kuwakamata wachache waliobakia katika nchi ya Aden. Watatu waliopona waliletwa kwa ndege Kenya, wakatunzwa Isiolo, kisha wakapelekwa Phoenix, huko Marekani. Bustani ya London ilitoa jike wake mmoja. Kuwait ikatoa mmoja, na Mfalme Saud akatoa wanne. Kundi la wanyama tisa likaundwa. Choroa mweupe wa mwisho wa mwituni aliuawa katika Oman mwaka wa 1972, lakini mwaka wa 1982 wajukuu wa kundi lile walifunguliwa katika jangwa lile lile la Oman, chini ya ulinzi wa Waarabu wa kabila la Harasis. Wezi wa wanyama walirudi baadaye, katika miaka ya 1990, na ulinzi ukahitajiwa tena. Lakini jina la choroa yule halikuandikwa pamoja na la kwaga.

Bustani ya Regent's Park ipo hata leo. Tembo wake walihamishwa mwaka wa 2001, wakapelekwa Whipsnade, penye mashamba mapana ambayo chama kilifungua mwaka wa 1931, kwa sababu imetambulikana kwamba mnyama mkubwa hawezi kukaa vema katikati ya mji. Kwa hiyo kazi iliyoanzwa na karani wa miaka 14 haijakwisha kusahihishwa.

Msomaji mwenye kiboko shambani aweza kusema, "Hao walipata furaha, sisi twapata hasara." Neno lake ni la haki, na anayetaka wanyama wadumu hana budi kulisikia. Raffles alidhani kwamba wataalamu wachache watatosha. Wenziwe waliona lango lililofungwa likiwaletea njaa, na lango lililofunguliwa likiwaletea nguvu. Huko Oman pia, choroa hakurudishwa na wataalamu peke yao, bali pamoja na wenyeji wa jangwa waliokubali kumchunga. Kitu cha mmoja hufa pamoja na mwenyewe. Kitu ambacho kila mtu ametoa shilingi yake, na kupata sehemu yake, hupata walinzi wengi.